Kata kwanza ndo ugawanye: jinsi ya kutafuta mkazo kwenye nondo inayovutwa au kubanwa

Fomula yenyewe ni fupi mpaka inadanganya. Mkazo ni kani gawanya kwa eneo, σ = N/A, imeisha. Mtu akiiona anasema aah hii si ni ya sekondari, anairuka anaenda kwenye mada zinazotisha, alafu siku ya mtihani anapewa nondo ya vipande vitatu yenye mishale minne na hapo anakwama, hajui ni namba gani hasa inakaa pale juu kwenye N.

Nimekaa na wanafunzi wengi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza na wa pili tukipitia haya maswali, na makosa yao karibu yote ni ndugu wa baba mmoja: wanagawanya kabla hawajakata. Wanaona mshale umeandikwa 100 kN (kilonyutoni, yaani nyutoni elfu mara mia), wanauchukua kama ulivyo, wanagawanya na eneo la kipande kilicho karibu nao. Na mimi nililifanya kosa hilohilo mwaka wa pili kwenye jaribio, swali zima likaenda, na kilichoniuma zaidi ni kwamba maeneo nilikuwa nimeyapata yote sawasawa. Kwa hiyo hapa nitakaa sana kwenye hiyo N, mengine tutapita haraka.

Tuanze na maana, maana ukiielewa hii hutahitaji kukariri. Chukua nondo iliyonyooka, ivute ncha zote mbili kwa kani sawa. Kwa nje hamna kinachotokea, imetulia tu. Lakini ndani kila tabaka la chuma limeshika tabaka la jirani yake lisiondoke, na huko kushikana ndo kani ya ndani, N. Sasa hiyo kani haikai sehemu moja, imesambaa kwenye uso mzima wa mkato, kila milimita ya mraba inabeba kafungu kake. Hako kafungu ndo mkazo. Darasani wengi tunaita nomo stresi, na hiyo nomo maana yake tu ni kwamba unasimama pembe mraba na uso uliokatwa, yaani unavuta uso nje au unausukuma ndani, hauusugui pembeni. Aliyeliweka hili wazo la mkazo vizuri kihesabu ni Mfaransa Augustin-Louis Cauchy, miaka ya 1820, na mpaka leo tunachofanya ni kilekile alichosema: pitisha mkato wa kufikirika ndani ya mwili alafu uulize upande huu unaushikaje upande ule.

Ndo maana nasema kata kwanza. N haipo kwenye picha, picha inaonyesha mizigo ya nje tu. Ili uione N lazima ukate nondo pale unapotaka kujua mkazo, utupe upande mmoja, ubaki na mwingine, uchore kila kani inayougusa huo upande uliobaki (ule mchoro mnaouita FBD), alafu pale kwenye mkato uweke N ukiichora inatoka nje ya uso, kama inavuta. Siku zote ichore inavuta, hata kama unahisi kipande kinabanwa. Ukifanya hivyo ishara inajitunza yenyewe, jibu likitoka chanya kipande kinavutwa, likitoka hasi kinabanwa, huhitaji kubahatisha. Wale wanaochora N kwa kukisia upande ndo wanaishia na ishara mbili zinazopigana na hawajui ipi ya kuamini.

Tufanye moja kabisa mpaka mwisho.

Nondo ya chuma imeshikwa ukutani upande wa kushoto, hapo paite A. Kutoka A mpaka B ina kipenyo cha mm 40 na urefu wa mm 500. Kutoka B mpaka C kipenyo mm 30, urefu mm 400. Kutoka C mpaka D, ambayo ni ncha huru, kipenyo mm 20 na urefu mm 300. Pale D kuna kani ya 40 kN inavuta kwenda kulia. Pale C kuna 100 kN inaelekea kushoto. Pale B kuna 150 kN inaelekea kulia. Zote ziko katikati kabisa kwenye mhimili wa nondo. Tafuta mkazo kwenye kila kipande.

Kabla ya chochote, jiulize utahitaji kukata mara ngapi. Kanuni ni rahisi: N inabadilika kila unapopita mshale, na A inabadilika kila umbo linapobadilika, kwa hiyo katikati ya kila sehemu mbili za namna hiyo kunahitaji mkato wake. Hapa vyote viwili vinabadilika palepale B na C, basi mikato mitatu inatosha. Ila uwe makini, kuna maswali mshale unakaa katikati ya kipande chenye kipenyo kimoja, hapo kipande kinaonekana kimoja lakini kina N mbili, na mtunga swali anajua kabisa kwamba utasahau.

Tutabaki na upande wa kulia kila mara kwa sababu huko hamna ukuta, kwa hiyo hatuhitaji hata kujua ukuta unavuta kiasi gani.

Kata ndani ya CD, baki na kipande cha kulia. Kinachokigusa ni 40 kN kwenda kulia na N kwenda kushoto. Ili kitulie, N = 40 kN. Chanya, kinavutwa.

Kata ndani ya BC. Sasa kipande kilichobaki kina 40 kulia, 100 kushoto, na N kushoto. Kwa hiyo N = 40 − 100 = −60 kN. Hasi, kinabanwa.

Kata ndani ya AB. Kuna 40 kulia, 100 kushoto, 150 kulia, N kushoto. N = 40 − 100 + 150 = 90 kN. Chanya, kinavutwa.

Hebu simama hapo uangalie hizo namba: 40, −60, 90. Ile 150, ambayo ndo mshale mkubwa kuliko yote kwenye picha, haipo popote ndani ya nondo. Ile 100 nayo haipo. Hakuna kipande hata kimoja kinachobeba 100 wala 150. Mwanafunzi aliyegawanya bila kukata angesema BC ina 100 kN, angegawanya na eneo lake akapata MPa 141 (megapaskali, kipimo cha mkazo, tutakifikia chini), wakati ukweli ni kama 85 tena ni wa kubanwa. Yaani amekosea ukubwa na amekosea na mwelekeo, na kama huyo ndo anachagua chuma cha kweli, amechagua kwa namba isiyohusiana na kinachotokea ndani yake.

Sasa maeneo. Duara ni πd²/4, tumia kipenyo moja kwa moja, usihangaike kugawanya kuwa nusu kipenyo maana hapo katikati ndo watu wanasahau. CD ni mm² 314.2, BC ni mm² 706.9, AB ni mm² 1256.6.

Gawanya:

CD: 40 000 / 314.2 = 127.3 MPa, kuvutwa
BC: −60 000 / 706.9 = −84.9 MPa, kubanwa
AB: 90 000 / 1256.6 = 71.6 MPa, kuvutwa

Na hapa kuna kingine cha kutazama. AB ndo yenye N kubwa kuliko zote na ndo yenye mkazo mdogo kuliko zote. CD yenye N ndogo ndo inayoteseka zaidi. Kwa hiyo swali likikuuliza mkazo mkubwa zaidi uko wapi, usikimbilie penye kani kubwa wala penye wembamba, kokotoa zote ndo ulinganishe.

Kuhakikisha, rudi na upande wa kushoto. Nondo nzima ina 40 − 100 + 150 = 90 kulia, kwa hiyo ukuta unaivuta 90 kushoto. Kata BC ubaki na upande wa kushoto: 90 kushoto, 150 kulia, na N inatoka nje kwenda kulia. N = 90 − 150 = −60. Imekubali. Hii inachukua nusu dakika na inaokoa swali zima, mimi naifanya hata leo.

Vipimo. Hapa watu wanapotea sana na hakuna sababu ya kupotea. Paskali moja ni nyutoni moja kwenye mita ya mraba, ambayo ni ndogo mno kwa kazi zetu, ndo maana tunaongea kwa megapaskali. Shika hii tu: N/mm² moja (hapa N ni nyutoni, sio ile kani ya ndani) ni MPa moja, sawasawa kabisa. Kwa hiyo badili kN kuwa nyutoni kwa kuzidisha 1000, acha vipenyo kwenye milimita, gawanya, jibu limetoka likiwa MPa tayari. Anayeamua kubadili kuwa mita akumbuke kwamba mita moja ya mraba ni mm² 1 000 000, maana ukigawanya na 1000 kwa sababu eti mita moja ina milimita 1000, umeshapotea mara elfu. Ukisahau kubadili kN, jibu linatoka 0.0716 badala ya 71.6, na mtu anaandika 0.0716 MPa anaendelea na maisha. Hapo inabidi uwe na hisia ya namba. Chuma laini cha ujenzi kinaanza kuvutika bila kurudi kwenye kama MPa 250, zege la kawaida linabeba MPa 20 mpaka 40 hivi za kubanwa, na likivutwa linapasuka mapema sana. Ukipata nondo ya chuma ina MPa 70 000 jua imeshakatika zamani, rudi ukaangalie sifuri zako.

Eneo nalo lina mitego yake. Bomba, kwa mfano. Umepewa kipenyo cha nje mm 60 na unene wa ukuta mm 5, linabanwa na 70 kN. Kipenyo cha ndani ni 50, kwa sababu ukuta upo pande zote mbili, sio 55. Alafu eneo ni π/4 mara (60² − 50²), unapata mm² 863.9 na mkazo MPa 81.0 za kubanwa. Kuna wanaoandika (60 − 50)², wanapata mm² 78.5 na mkazo MPa 891, na hapo namba inapiga kelele yenyewe. Lakini aliyetumia 55 anapata MPa 155, namba inayoonekana ya heshima kabisa, na ndo maana kosa hilo nalichukia zaidi kuliko lile la kwanza, halijitangazi.

Bamba lenye tundu ni hivyohivyo. Upana mm 80, unene mm 10, tundu la mm 20 katikati, linavutwa na 60 kN. Mbali na tundu eneo ni mm² 800 na mkazo ni MPa 75. Kwenye mstari unaopita katikati ya tundu, chuma kilichobaki ni (80 − 20) × 10 = mm² 600, mkazo wa wastani ni MPa 100. Toa kipenyo cha tundu kwenye upana, usitoe eneo la duara, maana mkato wetu unapita kwenye bamba kwa upande wa unene na huko tundu linaonekana kama mstatili. Na hiyo 100 bado ni wastani tu, ukingoni kabisa mwa tundu mkazo unapanda zaidi ya mara 2 ya hapo. Mjerumani Kirsch alishaonyesha mwaka 1898 kwamba kwenye bamba pana sana lenye katundu kadogo, ukingoni mkazo unafika mara 3 ya ule wa mbali. Swali likisema wastani, andika wastani, ila ujue ukweli wake.

Bolti ndo usiguse kabisa kwa kipenyo cha nje. Bolti ya M20 ukikokotoa kwa mm 20 unapata mm² 314, lakini meno yamekula chuma, eneo linalotumika kwa meno ya kawaida ni mm² 245. Kwa 60 kN hiyo ni tofauti ya kutoka MPa 191 kwenda 245. Angalia jedwali.

Sasa lazima niseme ni wapi σ = N/A inafanya kazi, kwa sababu wengi wanaitumia kila mahali kama dawa ya kila ugonjwa. Nondo iwe imenyooka, kani ipite kwenye kitovu cha eneo, na mkato uwe mbali kidogo na pale kani inapogusia na mbali na mabadiliko ya ghafla ya umbo. Hili la mwisho unaweza kuliona kwa macho yako. Chukua kipande cha mpira mpana bapa, chora juu yake miraba midogo kwa kalamu, mistari ya wima na ya mlalo, alafu bana ncha mbili kwa vidole na uvute taratibu. Katikati miraba yote inarefuka sawasawa, mistari inabaki imenyooka kabisa, hiyo ndo N/A unaitazama. Lakini karibu na vidole mistari imepinda, miraba mingine imerefuka sana na mingine karibu haijaguswa. Huko fomula yetu inakupa wastani tu. Mfaransa Saint-Venant ndo alieleza kwamba huo mvurugano unaisha ukienda mbali kama upana mmoja wa nondo hivi, kwa hiyo kwenye nondo ndefu sehemu kubwa iko salama.

Kani isipopita kwenye kitovu nondo inavutwa na inapindwa kwa pamoja, na upande mmoja unabeba zaidi ya mwingine, hiyo inataka fomula ya nyongeza. Na kwenye kubanwa kuna jambo la hatari zaidi. Chukua rula nyembamba ya chuma, jaribu kuikata kwa kuivuta kwa mikono, hutaweza. Sasa isimamishe mezani na uibonyeze kichwani kwa kidole, inaruka pembeni papo hapo. Mkazo wake N/A ulikuwa mdogo mno, chuma hakikushindwa, umbo ndo lilishindwa. Kwa hiyo kipande chembamba kirefu kinachobanwa, kupata MPa 85 na kusema iko chini ya 250 hakutoshi, lazima ukapime na fomula ya Euler ya kujipinda pembeni.

Uzito wa nondo yenyewe je? Nondo ikining'inia wima mkazo wa juu kabisa unaotokana na uzito wake ni ρgL (msongamano wa chuma mara mvutano wa dunia mara urefu), eneo linajifuta lenyewe, nene au nyembamba ni sawa tu. Chuma cha kg 7850 kwa mita ya ujazo, urefu mita 100, unapata MPa 7.7. Kwa nondo ya mita 2 sahau.

Na kama nondo imeshikwa ncha zote mbili, kukata peke yake hakutoshi. Una kuta mbili usizozijua na mlinganyo mmoja. Inabidi uongeze kwamba jumla ya kurefuka na kufupika ni sifuri, ukitumia NL/AE kwa kila kipande (L ni urefu, E ni kipimo cha jinsi chuma kinavyokataa kurefuka). Uone ukubwa wa huko kurefuka: kwa nondo yetu ya juu, ambayo D yake iko huru, E ya chuma ikiwa GPa 200 (yaani MPa 200 000), AB inarefuka mm 0.179, BC inafupika mm 0.170, CD inarefuka mm 0.191, jumla ncha D inasogea mm 0.20 kwenda kulia. Upana wa nywele mbili tatu hivi, kwa kani za tani kadhaa.

Mara nyingi utaulizwa kinyumenyume, kani ipo, tafuta kipenyo. Tuseme N ni 90 kN, chuma cha MPa 250, na fakta ya usalama ni 2. Mkazo unaoruhusiwa ni 125. Eneo linalotakiwa ni 90 000 / 125 = mm² 720, kipenyo kinatoka mm 30.3. Usiandike 30 kwa sababu iko karibu. Ya 30 inakupa MPa 127.3, umeshavuka. Kwenye kipenyo unakadiria kwenda juu siku zote, chukua saizi inayofuata inayopatikana, mm 32 kwa mfano.

Jaribu hii mwenyewe kabla hujafunga daftari. Chukua nondo ileile ya juu, geuza mshale wa D tu, ile 40 kN iwe inasukuma kwenda kushoto, vingine vyote vibaki. Kata mara tatu upya, usijaribu kubadili ishara kwenye majibu ya zamani. Ukipata −127.3 kwenye CD, −198.1 kwenye BC na 8.0 tu kwenye AB, umekata vizuri.